Kujiunga na Klabu ya Kunyanyua Vyuma: Mwongozo kwa Anayeanza na kwa Mzazi Wake

Siku yangu ya kwanza klabuni nilikwenda kuonyesha nguvu. Nilikuwa nimepiga pushapu miezi mizima nyumbani, na macho yangu yalitua moja kwa moja kwenye zile sahani nyekundu za kilo 25. Kocha akanipa ufito wa mbao. Ulikuwa mwepesi kuliko ufagio, na akaniambia nitakuwa nao kwa wiki mbili. Nilinuna. Dakika arobaini baadaye mapaja yalikuwa yakitetemeka, na bado sikuweza kuchuchumaa nao juu ya kichwa bila visigino kunyanyuka.

Tangu wakati huo, mtu akiniuliza klabu ipi ni nzuri, simuulizi bingwa wa pale ananyanyua kilo ngapi. Namwambia akamtazame yule aliyeshika ufito, kisha aangalie kama kuna mtu amesimama karibu naye akimrekebisha. Mengi ya yanayofuata hapa yanarudi kwenye jambo hilo.

Kwanza, jua unaingia mchezo upi

"Kunyanyua vyuma" ni jina moja linalobeba michezo mitatu, na watu hujikuta klabu isiyo yao kwa sababu hiyo.

Mchezo wa Olimpiki una minyanyuo miwili tu. Katika snachi, chuma kinatoka sakafuni hadi juu ya kichwa kwa mwendo mmoja, bila kutua popote njiani. Katika klini na jeki, unakileta kwanza mabegani, unasimama, kisha unakisukuma juu. Zamani kulikuwa na mnyanyuo wa tatu, presi, wa kusukuma chuma kutoka mabegani hadi juu kwa nguvu za mikono, ulioondolewa baada ya Michezo ya Munich ya 1972. Wanyanyuaji walikuwa wakijipinda nyuma mno kiasi kwamba waamuzi walishindwa kuuhukumu kwa haki.

Mchezo wa pili ni pawalifti, wenye skwoti (kuchuchumaa na chuma mabegani kisha kusimama), benchi (kukisukuma juu ukiwa umelala chali) na dedilifti (kukiinua kutoka sakafuni hadi usimame wima). Huo ni wa nguvu za polepole, na haumo katika Olimpiki. Wa tatu ni kutunisha misuli, ambako mshindi huamuliwa kwa umbo la mwili wala si kwa kilo. Yote ni michezo halali. Ila kocha hodari wa kutunisha misuli hawezi kukufundisha snachi kwa sababu tu pana chuma ndani ya ukumbi wake. Mwongozo huu ni wa mchezo wa Olimpiki, ingawa mengi yatakufaa hata ukichagua pawalifti.

Kuipata klabu

Anza na shirikisho la kitaifa la mchezo huu. Kila nchi mwanachama wa shirikisho la dunia, lililoanzishwa 1905, ina chombo chake, na chombo hicho kina orodha ya klabu zilizosajiliwa. Kama orodha haipatikani mtandaoni, piga simu au andika barua pepe. Uliza mambo mawili tu: klabu zilizo karibu nawe, na makocha wanaotambuliwa.

Njia ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kwenda kutazama shindano dogo la mkoa au la vijana. Kaa mahali unapoweza kuona eneo la kupashia mwili moto. Utaona makocha wakiwa kazini: yupi anamtuliza mtoto aliyekosa, yupi anamfokea. Shindano likiisha, msogelee yule uliyempenda ukamuulize wanafanyia wapi mazoezi. Makocha wa mchezo huu ni wachache na wana kiu ya wanafunzi. Hatakufukuza.

Usidharau sehemu zisizo na mwonekano. Klabu nyingi za vyuma ziko kwenye vyumba vya chini, mabohari, nyuma ya ukumbi wa shule, au ndani ya kambi za jeshi na polisi zinazopokea raia. Hidilyn Diaz, aliyeipatia Ufilipino dhahabu yake ya kwanza kabisa ya Olimpiki mwaka 2021 huko Tokyo, alikwama Malaysia wakati wa karantini ya korona akawa ananyanyua mti wa mwanzi uliofungwa madumu ya maji. Sakafu yenye vumbi haitakuzuia kujifunza. Ila ubao wa jukwaa uliopasuka, au upau, yaani ule mti wa chuma unaobeba sahani, uliopinda na usiozunguka kwenye ncha zake, hilo ni jambo la usalama na si la urembo.

Nenda mara moja bila kufanya mazoezi

Watu wengi huliruka hili. Mpigie kocha, mwombe ruhusa ya kuja kutazama kipindi kimoja chote, kuanzia watu wanapoingia hadi wanapofunga. Kocha akikataa bila sababu, jibu umeshalipata. Ukikubaliwa, kaa pembeni, weka simu mfukoni, utazame.

Tazama wanaoanza wanapewa nini. Katika klabu inayojua kazi yake, mtoto wa miaka kumi na moja hapewi upau wa kawaida. Upau wa wanaume ni kilo 20 na wa wanawake kilo 15, na huo mtupu tu unaweza kumzidi. Atapewa ufito, bomba la plastiki, au upau mwepesi wa mafunzo wa kilo 5 au 10. Sahani zake zitakuwa nyepesi lakini pana kama zile kubwa, ili chuma kikae sakafuni kwa kimo kilekile. Klabu isiyo na sahani hizo inaweza kuweka chuma juu ya vigogo au matofali ya mpira. Hilo ni sawa. Lisilo sawa ni mtoto kuinama hadi chini kabisa kuufuata upau ulio karibu na sakafu, mgongo umejikunja kama upinde.

Hesabu pia watu na kocha. Siwezi kukupa nambari ya kila mahali, lakini kama kocha mmoja ana wanafunzi ishirini na kati yao kumi ni wapya, wapya watajifundisha wenyewe, na makosa yao yatazoeleka mwilini. Kisha sikiliza lugha. Kocha mzuri humpa anayeanza rekebisho moja kwa wakati: "Visigino chini." Akimaliza hilo ndipo anaendelea na lingine. Anayemwaga maelekezo saba kwa pumzi moja anajisikiliza mwenyewe.

Tazama kinachotokea mtu anapokosa mnyanyuo. Je, anajua kuutoka? Chuma kikimshinda, anakiachia na kusogea upande salama bila kuhangaika? Hilo hufundishwa, na linapaswa kufundishwa mapema kabisa. Ukiona watu wanang'ang'ana na chuma kinachoanguka huku wenzao wakishangilia, ondoka taratibu.

Mwisho angalia wasichana. Wanawake walipata mashindano yao ya kwanza ya dunia mwaka 1987, wakaingia Olimpiki mwaka 2000 huko Sydney. Klabu ambayo hadi leo inawaweka wasichana kwenye kona ya kamba za kuruka imechelewa miongo kadhaa.

Maswali ya kumuuliza kocha

Usione haya. Ni pesa yako na ni mwili wako, au wa mwanao.

Muulize amesomea wapi ukocha na kama ana cheti kinachotambuliwa na shirikisho. Kuwa bingwa wa zamani si cheti. Muulize ada inalipwa vipi: kiingilio, malipo ya mwezi, leseni ya shirikisho, bima. Mara nyingi haya ni mambo manne tofauti, na mtu huambiwa la mwezi pekee. Uliza bima inamhusu nani na tangu siku gani, maana baadhi ya klabu humwingiza mtu kwenye bima baada ya usajili kukamilika, ilhali ameshaanza kunyanyua. Uliza kama kuna vipindi vya majaribio kabla ya kulipa. Na uliza nani mwingine mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza yuko ukumbini kocha akitoka.

Mzazi ana maswali ya ziada, na nayasema wazi kwa sababu wengi huyameza kwa heshima. Nani mwingine mtu mzima anakuwepo wakati wa mazoezi ya watoto? Vyumba vya kubadilishia nguo vinasimamiwaje? Kocha anawasiliana na mtoto moja kwa moja kwa simu, au kupitia mzazi au kundi ambalo mzazi yumo? Ukocha wa vyuma una nyakati za kugusa: kurekebisha mgongo, kuelekeza kiwiko. Kocha mwenye adabu huomba ruhusa kwanza, na hufanya hivyo mbele ya watu. Muulize mzazi mwenzio aliyepo pale kama ana ruhusa ya kukaa akitazama wakati wowote. Klabu yenye mlango uliofungwa kwa wazazi, mwiko.

Uliza pia kuhusu uzito wa mwili. Mchezo huu una madaraja ya uzito, na hapo ndipo tamaa inapoingia. Mtoto anayekua hapaswi kunyimwa chakula wala maji ili aingie daraja la chini. Kocha akisema "tutamshusha kidogo tu" juu ya mtoto wa miaka kumi na mitatu, mchukue mwanao mwende nyumbani.

Je, vyuma vitamdumaza mtoto?

Swali hili halikosekani. Hofu hutoka kwenye sehemu laini za mifupa ya watoto, zile zinazorefuka, ambazo zinaweza kuumia. Lakini madaktari wa watoto, wakiwemo wa chama chao kikubwa cha Marekani, wamekwisha kueleza kwamba mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri na kusimamiwa hayamzuii mtoto kurefuka. Madhara mengi hutokana na mtoto kuachwa peke yake na vyuma, akijaribu uzito wa kaka yake. Kwa hiyo hoja ni usimamizi.

Umri wa kuanza unategemea zaidi kama mtoto anaweza kusikiliza maelekezo na kuyafuata. Wengine huweza wakiwa na miaka minane, wengine kumi na miwili. Michezo mingine, kama kukimbia, kuruka na sarakasi, inamjenga mnyanyuaji pia, na si lazima iachwe.

Kama una shida ya moyo, shinikizo la damu, kifafa, mgongo uliowahi kuumia, au ulifanyiwa upasuaji, mwone daktari kwanza. Kisha mwambie kocha ulichoambiwa. Kumficha kocha goti bovu ni kumfunga kitambaa machoni.

Nini ununue, nini uache

Kwa mwezi wa kwanza: fulana isiyokubana mabega, kaptura au suruali inayokuruhusu kuchuchumaa hadi chini, na viatu vyenye soli ngumu na bapa. Viatu vya kukimbilia viache. Soli yao ya sponji inabonyea, na ukiwa na chuma juu ya kichwa ni kama umesimama juu ya godoro.

Viatu halisi vya mchezo vina kisigino kigumu kilichoinuka karibu sentimita mbili, na vinasaidia mno wenye vifundo vya mguu vigumu. Hivyo ndivyo ununue kwanza, ukishakuwa na uhakika unabaki. Uliza klabuni kabla ya kwenda dukani, kwa sababu miguu ya vijana hukua na viatu vyao hubaki vizima.

Mkanda usikusumbue. Utauhitaji chuma kikishakuwa kizito kweli, na kwa mashindano usizidi upana wa sentimita 12. Kamba za kufungia mikono kwenye upau hutumika mazoezini tu, na anayeanza anapaswa kujenga mshiko wake kwanza. Chaki kwa kawaida ipo klabuni. Paka kidogo, juu ya bakuli lake, usiigeuze sakafu kuwa kinu cha unga.

Wiki za mwanzo

Utafundishwa mshiko wa ndoano: kidole gumba kinakaa chini, vidole viwili vya kwanza vinakifunika. Utaumia. Kila mtu huumia wiki mbili tatu, halafu kidole kinazoea. Usiuache ukarudi kwenye mshiko wa kawaida kwa sababu chuma bado ni chepesi. Mazoea hujengwa kwenye uzito mwepesi, na kuyabomoa baadaye ni kazi mara mbili.

Makocha wengi huanzia juu kwenda chini. Utajifunza kwanza kusimama na chuma juu ya kichwa, kisha kuchuchumaa nacho, kisha kukivuta kutoka mapajani, kisha kutoka magotini, na mwisho kabisa kutoka sakafuni. Kwa anayeingia inaonekana kinyume. Sababu yake ni kwamba ukikijua chuma kinapoishia, mkono na nyonga vinajua vinaelekea wapi. Skwoti za mbele na za juu ya kichwa zitakuchosha zaidi ya unavyodhani.

Kuna pia adabu za ukumbi ambazo hakuna anayeziandika ukutani:

- Usipite mbele ya mtu anayejiandaa kunyanyua, wala usimsemeshe. Zunguka nyuma, mbali.
- Usiruke juu ya upau ulio sakafuni. Katika klabu nyingi ni kama kumkanyaga mtu mguu.
- Funga vibana vya sahani kila mara, hata kwenye uzito mdogo.
- Usiutupe upau mtupu, au wenye sahani ndogo pekee. Sahani kubwa za mpira ndizo zilizotengenezwa kwa kuangushwa.
- Ukimaliza, rudisha sahani mahali pake.

Rangi za sahani zitakuingia haraka: nyekundu 25, bluu 20, njano 15, kijani 10. Sahani ndogo za kubadilishia hurudia mpangilio huohuo kuanzia nyekundu ya kilo 2.5, na hapo ndipo wageni huchanganyikiwa. Mimi niliwahi kupakia bluu ya kilo 2 upande mmoja na njano ya kilo 1.5 upande wa pili, nikashangaa kwa nini chuma kinanivuta kushoto.

Miezi mitatu ya kwanza

Mara tatu kwa wiki zinatosha. Kipindi kimoja kichukue saa moja au zaidi kidogo. Anayeanza kwa siku sita kwa wiki kwa kawaida huonekana kwa mwezi mmoja kisha hapatikani tena.

Nunua daftari. Andika tarehe, mnyanyuo, kilo, mara ngapi, na neno moja la kocha alilolirudia siku ile. Baada ya wiki nane utaona kwamba umeambiwa "subiri, usivute mapema" mara ishirini, na hapo ndipo litakapoingia. Mwombe mwenzio akupige video kutoka upande. Unachohisi na unachofanya havifanani.

Tofautisha uchovu na maumivu. Mapaja mazito siku ya pili ni ya kawaida. Maumivu makali ya ghafla, au ya kiungo upande mmoja, au ganzi inayoshuka mguuni, si ya kuvumilia. Simama, mwambie kocha, na asipojali nenda kwa daktari bila kumsubiri.

Usijipime uzito wa juu kabisa. Kijana mwenye nguvu anaweza kuongeza kilo tano kila wiki kwa kutumia mgongo wake, na wote wakamshangilia. Kocha mwenye subira atamrudisha kwenye upau mtupu mkao ukiharibika. Ukirudishwa, usione umeshushwa cheo. Lasha Talakhadze wa Georgia, ambaye mwaka 2021 alinyanyua jumla ya kilo 492 kwa minyanyuo miwili, kilo 225 na 267, naye alikuwa akipasha mwili moto kwa upau mtupu.

Na unga wa kuongeza nguvu? Huuhitaji. Hatari yake ni kwamba baadhi ya virutubisho hivyo huwa na vitu vilivyokatazwa michezoni ambavyo havikuandikwa kwenye kopo, na kwa sheria za kupambana na dawa hizo, kinachopatikana mwilini mwako ni jukumu lako, hata kama hukujua. Ukishapata leseni, hata dawa ya kifua mwulize daktari kama inaruhusiwa.

Shindano la kwanza

Usisubiri uwe hodari. Mradi unaweza kufanya minyanyuo yote miwili kwa usalama, shindano dogo la klabu litakufundisha zaidi ya mwezi wa mazoezi. Kimataifa, kundi la vijana ni miaka 13 hadi 17 na la chipukizi wakubwa ni 15 hadi 20. Mashindano ya ndani ya klabu mara nyingi huwapokea hata wadogo zaidi, yakiwapa alama kwa ufundi badala ya kilo.

Upimaji wa uzito huanza saa mbili kabla ya shindano na huchukua saa moja. Nenda na kitambulisho na kitu cha kula baada ya kupimwa. Utapata majaribio matatu ya snachi na matatu ya klini na jeki. Ukiitwa, una dakika moja kuanza, au mbili kama unajifuata mwenyewe, yaani jaribio lililotangulia lilikuwa lako pia. Waamuzi watatu watawasha taa, nyeupe ya kukubali au nyekundu ya kukataa, na nyeupe mbili zinatosha.

Jaribio lako la kwanza liwe uzito ambao ungeuweza hata ukiwa na mafua. Ukikosa yote matatu ya snachi, huna jumla. Yajue pia makosa yanayowakamata wapya: kukunja viwiko kisha kuvinyoosha tena juu ya kichwa, kiwiko kugusa paja wakati wa klini, na kuachia chuma kabla ya ishara ya mwamuzi. Hata ishara ikitolewa, kishike mpaka kipite chini ya mabega. Ndiyo maana kocha wako amekuwa akikukemea kwa kukiachia kikiwa juu.

Mzazi, ukiwa ukumbini, kaa kimya mtoto anapoinama kushika chuma. Sauti yako anaijua kuliko sauti zote, na itamtoa kwenye alichokuwa anakumbuka. Piga kelele taa zikishawaka, na upige hata kama ni nyekundu.